Vipuri vya Magari Makuukuu na Uhai wa Abiria: Elimu kwa Wahudumu wa Afya na Wananchi wa Tanga na Pwani ya Kaskazini

Utangulizi

Mama mjamzito aliyepata uchungu pingamizi katika kijiji cha milima ya Usambara huhudumiwa na watu wengi kabla hajaonwa na daktari bingwa. Mkunga humpokea, muuguzi wa zahanati humwekea dripu na kuandika rufaa, jamaa hukusanya fedha na kutafuta wa kumsindikiza. Lakini baina ya zahanati na chumba cha upasuaji yupo mhudumu mwingine ambaye jina lake haliandikwi kwenye jalada, naye ni gari. Gari hilo likishuka salama kutoka Lushoto hadi Mombo, kisha likaishika barabara kuu ya Korogwe, Segera na Muheza hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo jijini Tanga, hakuna atakayelikumbuka. Likishindwa kusimama kwenye kona moja tu ya mteremko ule, kazi yote ya mkunga na muuguzi imepotea.

Magari mengi yanayobeba wagonjwa katika mkoa wetu ni ya umri mkubwa. Baadhi ni magari ya wagonjwa ya vituo, mengine ni teksi, daladala na magari ya watu binafsi yaliyoingizwa nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japani kwa miaka kadhaa. Mfumo wa M-mama, unaotumia nambari 115 kuwasafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura, ulienezwa nchini kuanzia mwaka 2022, nao huwatumia pia madereva wa kijamii pale ambapo gari la wagonjwa halipo karibu. Kwa hiyo hali ya breki na matairi ya teksi ya kijijini si jambo la mwenye teksi peke yake. Limekuwa sehemu ya huduma ya uzazi.

Gari kuukuu si kosa. Gari lenye miaka 20 linalotunzwa vizuri laweza kuwa salama kuliko jipya lililotelekezwa. Kinachoamua ni vipuri vinavyotiwa humo kila kilichochakaa kinapobadilishwa. Makala hii inaeleza namna ya kuvitambua vipuri vinavyofaa, madhara ya visivyofaa kwa mwili wa binadamu, na mambo ambayo mhudumu wa afya, mgonjwa, dereva na fundi wanaweza kuyafanya.

Vipuri ni kama dawa

Wahudumu wa afya wana njia nyepesi ya kulielewa soko la vipuri, kwa sababu linafanana sana na soko la dawa. Dawa huweza kuwa ya mgunduzi wake wa kwanza, au dawa mbadala yenye kiambato kilekile iliyotengenezwa na kiwanda kingine kwa kufuata viwango, au dawa duni, au dawa bandia iliyovikwa jina la mwingine. Vipuri navyo viko hivyo hivyo.

Kundi la kwanza ni vipuri vyenye nembo ya mtengenezaji wa gari lenyewe. Kundi la pili ni vipuri mbadala, vinavyotengenezwa na viwanda vingine kwa majina yao wenyewe. Hapa watu wengi hukosea kwa kudhani kuwa kila kisichokuwa na nembo ya gari ni kibovu. Kwa kweli mtengenezaji wa gari hafui kila kipande yeye mwenyewe; hununua pedi za breki, shokapu, beringi na plagi kutoka viwanda maalumu, na baadhi ya viwanda hivyo huuza bidhaa kama hizo pia kwa jina lao na kwa bei nafuu. Kukataa kipuri mbadala kilichotengenezwa kwa viwango ni sawa na kukataa dawa mbadala iliyosajiliwa kwa sababu tu boksi lake halina jina maarufu.

Kundi la tatu ni vipuri duni. Hivi havimwigi mtu. Vina jina lao, lakini chuma chake ni chepesi, mpira wake hauna uimara, na vipimo vyake havikai sawasawa. Kundi la nne ni vipuri bandia, ambavyo hubeba nembo ya mtengenezaji asiyehusika navyo kabisa. Hivi ni hatari zaidi kwa sababu mnunuzi hulipa bei kubwa na kupewa imani isiyo na msingi.

Liko pia kundi la tano ambalo katika dawa tusingelivumilia hata kidogo, nalo ni vipuri vya mtumba vilivyofunguliwa kwenye magari mengine. Injini, giaboksi, mlango au taa ya mtumba inaweza kuwa ununuzi wa busara. Lakini kuna vipuri ambavyo, kama sindano, hutumika mara moja tu: pedi za breki zilizokwisha kulika, mikanda ya viti iliyowahi kuvutwa na ajali, na mifuko ya hewa. Tofauti hii ndiyo inayopaswa kukumbukwa kuliko zote. Kabla ya kuuliza bei, jiulize: kipuri hiki kikishindwa kazi, nitachelewa safari au nitapoteza uhai? Kioo cha pembeni kikiwa duni, utaudhika. Breki, usukani, matairi na mikanda vikiwa duni, utalazwa wodini au utazikwa.

Breki na mteremko wa Lushoto

Barabara ya Lushoto hadi Mombo ina urefu wa takriban kilomita 33, nayo hushuka kwa karibu mita 900 au zaidi kupitia kona nyingi zilizobanwa baina ya mlima na korongo. Tuchukue gari la wagonjwa lenye uzito wa tani mbili na nusu pamoja na mgonjwa, muuguzi na ndugu. Kwa hesabu ya fizikia ya sekondari, nishati inayoachiliwa gari hilo linaposhuka mita 900 yatosha kuchemsha takriban lita 70 za maji. Nishati hiyo haina pa kwenda isipokuwa kwenye injini, ikiwa dereva ametumia gia ndogo, au kwenye breki, ikiwa ameiweka gia kubwa na kuutegemea mguu wake. Breki haizimi mwendo kwa muujiza. Huugeuza mwendo kuwa joto.

Pedi iliyotengenezwa vizuri huwa na mchanganyiko wa nyuzi, unga wa metali na gundi inayostahimili joto hilo bila kupoteza mshiko. Pedi duni huonekana sawa kabisa inapokuwa baridi. Ukiijaribu mbele ya duka, katika barabara tambarare ya mjini Tanga, itasimamisha gari bila tatizo. Ni katikati ya mteremko, gundi yake inapoanza kuungua na kutoa gesi, ndipo dereva anapokanyaga kwa nguvu zote na gari likaendelea kuteleza. Nyingine hubanduka kutoka kwenye bamba lake la chuma. Kwa sababu hiyo maneno ya muuzaji kwamba “wengi wamenunua na hawajarudi kulalamika” si ushahidi wa kutosha.

Jambo la pili ni mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani, na kila yanaponyonya maji, kiwango chake cha kuchemka hushuka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hutakiwa kuchemka katika nyuzijoto zisizopungua 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kwa kiwango cha kipimo, kima hicho hushuka hadi 140. Ya daraja la DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka, hutokea mapovu ya mvuke ndani ya mabomba ya breki. Mafuta hayabonyezeki, lakini mvuke hubonyezeka. Basi dereva hukanyaga pedali ikazama hadi sakafuni bila breki kushika. Gari lililokuwa na breki nzuri juu ya mlima huwa halina breki kabisa katikati ya mteremko, na likipoa, breki hurudi. Fundi akiitwa baadaye huweza kusema hakuona hitilafu yoyote.

Katika pwani yetu yenye unyevu mwingi, chupa ya mafuta ya breki iliyofunguliwa na kuachwa kwenye rafu ya gereji kwa miezi huharibika hata kama inaonekana kamili. Ni vyema kununua chupa ndogo iliyofungwa, kutumia kiasi kinachohitajika na kutupa kinachobaki. Mafuta yote yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, au kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Kamwe yasichanganywe na mafuta ya injini au ya usukani, kwani hayo huvimbisha mipira ya ndani na kuua breki zote kwa pamoja.

Chumvi, joto na unyevu wa pwani

Magari yaliyotoka Japani hukutana Tanga, Pangani, Mkinga na Bagamoyo na mazingira yanayochakaza vitu upesi. Upepo wa bahari hubeba chumvi inayotafuna mabomba ya chuma ya breki na vishikizo vya shokapu. Jua hukausha mipira. Joto na unyevu vya mwaka mzima huharibu pia kitu ambacho wenye magari wengi hawakifikirii, nacho ni mfuko wa hewa uliofichwa ndani ya usukani.

Kisa cha kampuni ya Takata ya Japani kinafaa kujulikana na kila mwenye gari la mtumba. Kampuni hiyo iliwauzia mifuko ya hewa Toyota, Honda, Nissan, Mazda na watengenezaji wengine wengi. Kilipuzi kinachoujaza mfuko huo hewa kilitengenezwa kwa nitrati ya amonia. Ilibainika kwamba miaka mingi ya joto na unyevu huivunjavunja kemikali hiyo, ikaungua kwa kasi mno na kulipasua kasha lake la chuma. Mfuko uliokusudiwa kumwokoa dereva humrushia vipande vya chuma shingoni, usoni na kifuani. Urudishaji wa magari viwandani ulianza mwaka 2008, ukapanuka hadi kufikia takriban vifaa milioni 67 Marekani peke yake, na Juni 2017 kampuni hiyo ikatangaza kufilisika. Marekani iliyapa kipaumbele maeneo yenye joto na unyevu kama Florida na Hawaii. Malaysia, nchi nyingine ya joto na unyevu, nayo imepoteza watu kwa sababu hiyo. Hali ya hewa ya Tanga haiko mbali na hizo.

Mtengenezaji anapotangaza kulirudisha gari kiwandani, taarifa hutumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa. Gari likishauzwa na kuvushwa bahari, barua hiyo haimfikii tena anayeliendesha. Kwa hiyo mwenye gari la miaka ya 2000 hadi katikati ya miaka ya 2010 anapaswa kuitafuta taarifa mwenyewe. Aandike namba ya chesesi, aipeleke kwa wakala wa mtengenezaji au aiangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji huyo. Vilevile asikubali kuuziwa mfuko wa hewa uliofunguliwa kwenye gari lililopata ajali, kwani hakuna fundi wa mtaani awezaye kuupima na kujua kama bado ni mzima.

Matairi: kisa cha Same

Tarehe 28 Juni 2025, katika eneo la Sabasaba wilayani Same, kwenye barabara ya Moshi hadi Tanga, basi kubwa na basi dogo viligongana na kuwaka moto. Watu wasiopungua 38 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa wameungua kiasi cha kutotambulika mara moja. Taarifa ya awali ya Serikali ilieleza kwamba gurudumu la mbele la basi lilipasuka au kutoboka, na dereva akashindwa kulimudu gari. Makala hii haidai kwamba gurudumu lile lilikuwa bandia au kuukuu. Tairi jipya nalo huweza kutobolewa na msumari. Kinachofaa kujifunza ni kwamba kipande kimoja cha mpira, kisichozidi upana wa viganja viwili pale kinapogusa lami, kilibeba uhai wa watu wote wale.

Wengi hulipima tairi kwa macho. Tairi kipara hutambulika, lakini tairi lililozeeka likiwa na kashata nzuri huwadanganya wengi. Mpira huzeeka hata bila kutembea. Hukauka, hupata mipasuko midogo ubavuni, na nyuzi zake za ndani huachana. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT zikifuatiwa na alama kadhaa, na mwisho wake ni tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2316 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisitumike baada ya miaka 10 hata kama halijaisha, na baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri miaka 6. Msomaji anayenunua tairi la mtumba kando ya barabara kwa sababu “kashata bado ipo” anaweza kuwa ananunua kitu kilichokwisha kufa. Tairi la akiba la gari la wagonjwa, ambalo hukaa miaka bila kuguswa, nalo lisomwe tarehe yake.

Mkanda na kitanda cha mgonjwa

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu takriban milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya vifo tisa katika kila kumi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kufunga mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa wanaokaa viti vya mbele kwa asilimia 45 hadi 50. Dawa zinazopunguza vifo kwa kiasi hicho ni chache.

Lakini mkanda huokoa pale tu ambapo utando wake haujaoza kwa jua, kifungio kinashika, na nati zilizoufunga kwenye bodi hazijaliwa na kutu. Mkanda uliowahi kuzuia mwili katika ajali nzito huwa umenyooka na kupoteza uwezo; haufai kutumiwa tena, hata ukionekana safi. Viti vya ziada vilivyochomelewa na fundi ndani ya basi dogo, bila kufungwa kwenye fremu ya gari, hung’oka na kuwa silaha.

Katika gari la wagonjwa tatizo hili lina sura yake. Kitanda cha mgonjwa hukaa juu ya reli zenye kishikizo. Kishikizo kikivunjika, mara nyingi hufungwa kwa kamba. Mtungi wa oksijeni huachwa umesimama kona. Muuguzi hukaa nyuma bila mkanda ili aweze kumfikia mgonjwa. Gari likisimama ghafla, vyote vitatu hurushwa mbele kwa mwendo uleule gari lililokuwa nao. Kishikizo cha reli kihesabiwe kuwa kifaa tiba, nacho kisirekebishwe kwa kamba.

Afya ya fundi

Anayeguswa wa kwanza na kipuri kibaya si abiria bali fundi anayekifunga. Kwa miaka mingi pedi na lainingi za breki zilitengenezwa kwa asbesto, madini yenye nyuzi yasiyoungua. Shirika la Afya Duniani limethibitisha kuwa aina zote za asbesto husababisha saratani ya mapafu, ya zoloto, ya ovari na ya utando unaozunguka mapafu iitwayo mesothelioma, pamoja na ugonjwa wa makovu ya mapafu. Japani ilipiga marufuku asbesto katika breki mwaka 2004, Umoja wa Ulaya ukakamilisha marufuku yake mwaka 2005, na Marekani ikatoa kanuni ya kuipiga marufuku aina iliyokuwa bado ikitumika, zikiwamo breki za soko la vipuri, mwezi Machi 2024. Maana yake ni kwamba breki zilizokuja na gari kutoka Japani miaka ya karibuni hazitarajiwi kuwa na asbesto, lakini zile za bei ya chini zinazotoka kwingine na zisizo na maelezo ya kiwanda haziwezi kuaminiwa hivyo. Kwa macho hakuna awezaye kuitambua.

Tafiti kuhusu mafundi wa breki hazijakubaliana juu ya ukubwa wa hatari yao, kwa kuwa sehemu kubwa ya asbesto hubadilika kwa joto la breki. Hata hivyo, kukata, kusugua na kupuliza lainingi hurusha nyuzi hewani, na hakuna kiwango cha asbesto kilichothibitishwa kuwa salama. Uangalifu hapa hauhitaji gharama kubwa. Fundi asipulize vumbi la breki kwa kompresa wala kwa mdomo. Alilowanishe kwa maji, alifute kwa kitambaa kibichi, kisha akitupe kitambaa ndani ya mfuko uliofungwa. Nguo za kazi zisipelekwe nyumbani kufuliwa pamoja na za watoto. Mwanagenzi mdogo anayefagia gereji asiachwe afagie vumbi kavu. Na anayevuta sigara ajue kuwa sigara na asbesto vikikutana huzidishiana hatari ya saratani ya mapafu.

Magonjwa ya asbesto hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Mzee aliyekuwa fundi ujanani huja kliniki akiwa na kikohozi kisichokoma, kubanwa pumzi na kupungua uzito. Mhudumu wa afya katika mkoa wetu huwaza kifua kikuu kwanza, na ni sahihi, kwani kifua kikuu ni kingi na kinatibika, makohozi yapimwe. Lakini vipimo vikionyesha kuwa hana, asiendelee kupewa antibiotiki moja baada ya nyingine bila kuulizwa swali fupi: “Mzee, katika maisha yako ulifanya kazi gani, na kwa miaka mingapi?” Jibu liandikwe kwenye jalada, na mgonjwa apelekwe kupigwa picha ya kifua na kuonwa na mtaalamu.

Majeruhi anapofika hospitalini

Mhudumu wa idara ya dharura hawezi kuwa mkaguzi wa magari, lakini anayoyaona hayaonwi na mtu mwingine. Alama ya mkanda tumboni humwonya atafute jeraha la utumbo na la uti wa mgongo hata kama mgonjwa anaongea vizuri. Kifua kilichopondwa cha dereva asiye na alama ya mkanda humwonya kuhusu moyo na mapafu. Majeraha ya kuchoma shingoni na kifuani kwa dereva ambaye mfuko wake wa hewa ulifunguka, hasa ajali ikiwa ndogo, yamfanye akumbuke kisa cha Takata. Mjini Orlando, Marekani, mwaka 2014, polisi walidhani mwanzoni kwamba mwanamke aliyefariki baada ya ajali ya gari alichomwa kisu, kabla haijabainika kuwa aliuawa na vipande vya mfuko wa hewa. Vipande vya chuma vinavyotolewa mwilini vihifadhiwe na kukabidhiwa polisi. Vinaweza kumwokoa mwenye gari mwingine la aina hiyo.

Tunashauri pia kwamba, pale majeruhi au dereva anapoweza kuongea, aulizwe: Mkanda ulikuwapo na ulifungwa? Breki zilishika? Tairi lilipasuka kabla au baada ya kugonga? Mistari mitatu kwenye jalada haichukui dakika, na pasipo kumbukumbu hizo kila ajali hubaki kuitwa “mwendo kasi” au “amri ya Mungu”.

Ushauri kwa wenye magari na wasimamizi wa vituo

Wahenga walinena kuwa rahisi huvunja upishi. Hata hivyo hatumlaumu mwenye teksi anayechagua pedi ya bei ya chini akiwa na ada ya shule ya kulipa. Tunachomwomba ni kubana matumizi mahali pasipoua. Haya yanafaa kuzingatiwa:

1. Nunua vipuri vya breki, usukani, matairi na mikanda kwenye duka lenye anwani ya kudumu, na udai risiti inayotaja kipuri na aina yake. Muuzaji anayekataa kutoa risiti amekwisha kukujibu.

2. Kagua boksi: maandishi yenye makosa ya tahajia, nembo iliyofifia, ukosefu wa namba ya kipuri au bei ya chini mno kuliko maduka mengine ni dalili za bandia. Linganisha kipuri kipya na cha zamani kwa uzito, vipimo na namba.

3. Mwambie fundi kwa heshima: “Fundi, naomba unirudishie vile vya zamani.” Hilo huhakikisha kuwa kilicholipiwa ndicho kilichofungwa.

4. Pedi na lainingi zibadilishwe kwa jozi, kulia na kushoto kwa pamoja, ama sivyo gari litavutia upande mmoja.

5. Usidharau dalili: mlio wa kusaga chuma, pedali inayozama au kuwa laini, usukani unaotetemeka au kuvutia upande, taa ya breki au ya mfuko wa hewa isiyozimika.

6. Unaposhuka Lushoto, au Amani kuelekea Muheza, tumia gia ndogo tangu mwanzo wa mteremko. Breki zikianza kunuka, simama mahali salama zipoe, usizimwagie maji.

7. Msimamizi wa kituo cha afya aweke daftari la gari la wagonjwa linaloonyesha tarehe ya kubadilishwa mafuta ya breki, pedi na matairi, kama vile daftari la jokofu la chanjo. Katika ununuzi, ubora wa kipuri utajwe katika maelezo ya zabuni ili bei ya chini pekee isiamue.

8. Ukiuziwa kipuri unachoshuku, toa taarifa. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) linahusika na ubora wa bidhaa, na Tume ya Ushindani (FCC) hushughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Hifadhi boksi, risiti na kipuri chenyewe.

Mgonjwa na ndugu zake nao wana haki katika jambo hili. Dereva aliyekodiwa kuwapeleka hospitali anaweza kuombwa, bila kumvunjia heshima, aonyeshe matairi yake na kuzijaribu breki kabla ya kuanza mteremko. Muuguzi anayesindikiza rufaa anaweza kukataa kupanda gari ambalo kitanda chake kimefungwa kwa kamba, akaomba gari lingine mapema, kabla mgonjwa hajazidiwa.

Hitimisho

Tumezoea kumwuliza mgonjwa kama amemeza dawa, na kumwuliza mfamasia kama dawa ile imesajiliwa. Swali la namna hiyo hatujazoea kuliuliza kuhusu pedi ya breki, ilhali mgonjwa yuleyule anategemea vyote viwili katika siku moja. Vipuri mbadala vyenye ubora vipo na vinanunulika. Vibovu navyo vipo, mara nyingi kwenye rafu ileile. Mwenye gari akijua kuvitofautisha, fundi akajilinda na vumbi, msimamizi akatunza daftari lake, na mhudumu wa dharura akaandika alichokiona, yule mama wa Usambara atafika Bombo akiwa hai, na mtoto wake atazaliwa mahali pa kuzaliwa, siyo kando ya barabara ya Mombo.